Ubao wa Kidijitali Bila Bando Ni Ukuta Tu

Leo sina vichekesho. Leo tuongee pesa, na si zile zetu za Fuliza. Naongea kuhusu ruzuku, yaani pesa ambazo serikali, mashirika na makampuni makubwa hutoa ili kuleta teknolojia mpya kwa madarasa ya vyuo vikuu.

Picha unazijua. Wazito wamepanga mstari, utepe mwekundu, makasi kwa sinia, nyuma yao masanduku ya kompyuta hata plastiki haijatolewa. Kila mtu anatabasamu. Hotuba ina maneno kama "mapinduzi ya kidijitali" na "karne ya 21". Halafu unarudi baada ya miaka mitatu, unapata chumba kimefungwa kufuli na mwenye ufunguo ameenda likizo.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usome ukijua naelekea wapi. Siwezi kukataa ruzuku, tunazihitaji sana. Ninachokataa ni kwamba nyingi zinanunua vitu vikubwa mara moja, na masomo ya mtoto wa Kakamega hukwama kwa vitu vidogo vya kila wiki: bando, stima, fundi, na muda wa lec kuandaa somo. Pesa ikianza kulipia hivyo vidogo, na mwanafunzi akiwa mezani wakati ombi linaandikwa, tutaona tofauti. La sivyo tutazidi kupigwa picha.

Na najua kuna mtu tayari anaandika, "Wewe si uliacha campo? Unatuambia nini?" Ndio, niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Chuo sikitaji, si hoja ya leo. Lakini nimekaa kwa kile kiti ambacho hizi pesa zilipaswa kufika. Na kazi yangu ya sasa ni video. Najua dakika moja ya video inakula MB ngapi kwa sababu natoa mfukoni kuilipia. Kwa hii mada niko na haki ya kusema kitu.

Tuanze na 2020. Tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza masomo yasimame nchi nzima kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakapewa hadi tarehe 20 kuondoka. Mimi nilikuwa bado sekondari, lakini binamu yangu alikuwa campo. Alirudi kwa kukhu huko Shinyalu na simu yenye kioo kimepasuka. Wiki chache baadaye vyuo vikaanza kusema masomo yanaendelea mtandaoni. Mtandaoni wapi? Kwa kukhu netiweki ilipatikana mahali pamoja, karibu na choo, na hata hapo ilitegemea mawingu.

Sasa tupige hesabu kidogo. Darasa la video la saa moja linaweza kumeza zaidi ya MB 500. Komredi mwenye masomo matano, kila somo saa tatu kwa wiki, ana saa 15. Hiyo ni kama GB 7.5 kila wiki, kabla hajafungua PDF hata moja. Hayo masomo yakirekodiwa kwa sauti pekee, na sauti ibanwe vizuri, saa moja inakaa kwa kama MB 15. Wiki nzima haifiki hata MB 250. Lec ni yule yule, maneno ni yale yale, lakini moja unailipia na sarafu na ingine unauza kuku. Kwa hivyo swali la teknolojia kwa chuo kikuu halianzi na "tununue mashine gani?" Linaanza na "huyu mwanafunzi ana simu gani, yuko wapi, na analipa ngapi?"

Mwaka huo huo, Kakamega tuliletewa teknolojia kutoka mbinguni, na simaanishi kanisani. Julai 2020 Loon, kampuni ya Alphabet ambao ndio wenye Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kurusha intaneti ya 4G kutoka kwa maputo makubwa yaliyoelea kama kilomita 20 juu angani. Yalikuwa karibu 35, yakifunika eneo la karibu kilomita mraba 50,000. Kwa orodha ya sehemu zilizotajwa tulikuwa sisi, pamoja na Kisumu, Eldoret, Kisii, Nakuru na wengine. Manze, intaneti ya maputo! Ungedhani shida ya binamu yangu imeisha.

Lakini ili uitumie ulihitaji laini ya Telkom na simu ya 4G. Kijijini, kabambe ndiyo simu. Halafu Januari 2021 Alphabet wakatangaza wanafunga Loon kwa sababu gharama haikushuka vya kutosha kuwa biashara ya kudumu. Kufikia Machi huduma ya Kenya ilikuwa imezimwa. Haikumaliza hata mwaka. Walipoondoka waliahidi dola milioni 10 kusaidia mashirika na biashara zinazofanya kazi za mtandao, ujasiriamali na elimu hapa Kenya. Hilo ni jambo jema, silidharau. Lakini angalia mpangilio. Kitu cha kushangaza kilikuja kwanza, na mazungumzo kuhusu watu wa hapa yakaja wakati wa kuaga.

Usidhani hii ilianza na Google. Mwaka wa 1997, kabla mimi na wengi wenu tuzaliwe, Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University. Wazo lilikuwa tamu. Masomo kutoka vyuo vya ng'ambo yanarushwa kwa setilaiti hadi vyuo vya Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa kati ya vya kwanza kupokea. Mwaka wa 2002 makao yake makuu yakahamishwa kutoka Washington hadi Nairobi. Kuna watu walisoma kupitia hapo, na kuna walimu walifunzwa kutengeneza kozi za mtandaoni. Siwezi kusema ilikuwa bure. Lakini fikiria ule mtindo wa kwanza: mwalimu yuko Marekani, ishara inapita angani, na komredi wa Nairobi anatazama runinga kwa saa iliyopangwa na mtu mwingine. Stima ikipotea hiyo saa, somo limekwenda. Mara nyingi sana teknolojia ya darasani Afrika inachorwa hivyo, kutoka kwa anayetuma. Anayepokea anakumbukwa baadaye.

Na serikali yetu pia imecheza huo mchezo. 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zilipofika 2016 zilikuwa tabuleti, na kwa miaka iliyofuata vikasambazwa vifaa zaidi ya milioni 1. Hapa vyuo vikuu viliingia moja kwa moja, kwa sababu Moi na JKUAT ndivyo vilivyopewa kandarasi pamoja na makampuni ya nje kuviunganisha. Kwa upande wa kujenga ujuzi wa viwandani, hiyo ilikuwa hatua nzuri. Lakini uliza mtu yeyote aliyekuwa primary miaka hiyo hizo tabuleti zilikuwa wapi. Wengi watakwambia zilikuwa kwa ofisi ya mwalimu mkuu, kwa kabati la chuma, zikisubiri wageni. Mwalimu aliogopa ziibwe. Akizipoteza, nani atalipa? Kwa hivyo akafanya jambo la busara kabisa: akazifungia.

Mimi huyo mwalimu simlaumu hata kidogo. Ukimpa mtu kifaa cha bei ghali bila bima, bila fundi, bila muda wa kujifunza kukitumia, umempa mzigo.

Sasa, kuna ruzuku iliyofanya kazi? Iko, na wengi wenu mnaitumia bila kuijua. Inaitwa KENET. Ni mtandao wa elimu wa Kenya, ulianza 1999, na pesa za mwanzo za vifaa zilitoka kwa USAID. Kwa hivyo ilianza kama miradi mingine yote, na mfadhili wa nje. Tofauti ni kilichofuata. Vyuo vyenyewe ni wanachama. Vinalipa. Vikiungana vinanunua intaneti kwa wingi, na bei inakuwa nafuu kuliko kila chuo kwenda sokoni peke yake. Ni kama chama cha akina mama, lakini cha vyuo vikuu. Umewahi kwenda chuo kingine, simu yako ikashika Wi-Fi inayoitwa eduroam bila kuomba nenosiri? Hapa Kenya hiyo ni kazi ya KENET.

Mbona KENET imedumu miaka zaidi ya 25 na maputo hayakudumu hata mwaka? Kwa sababu ruzuku ilikuwa ya kuwasha moto, na kuni zikaletwa na wenyewe. Na uliona kilichotokea 2025. Januari 20 Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa sahihi moja. Kufikia Julai 1 USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Miradi mingapi Afrika nzima iliamka asubuhi bila mwenyewe? Kitu ambacho kinaweza kufa kwa sahihi ya mtu ambaye hajawahi kusikia jina Lurambi, huwezi kukiita mpango wa elimu. Hiyo ni bahati nasibu.

Kuna wale watasema, "Basi serikali ilipe." Sawa, tuongee serikali. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema nchi itenge asilimia 2 ya pato lake kwa utafiti. Hatujawahi kufika hapo. Na vyuo vyetu vya umma vina madeni ya makumi ya mabilioni. Mwaka wa 2025 malekchara waligoma kuanzia Septemba hadi mapema Novemba, wiki saba hivi, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya zamani ya mishahara. Wiki saba! Unaweza kuweka ubao wa kidijitali kwa kila ukuta wa kila chuo Kenya. Kama lec anafikiria nauli na karo ya watoto wake, huo ubao ni ukuta wenye waya.

Ndio maana nasema muda wa lec ni teknolojia. Kutengeneza somo zuri la mtandaoni si kupakia slaidi za 2009. Inachukua wiki. Anaandika upya, anarekodi, anakata, anatunga maswali, anajibu meseji za usiku. Mimi video ya dakika tatu inanichukua siku mbili, na sifundishi kemia. Ruzuku ikinunua kamera ya bei kali na isilipie hata saa moja ya huyo mwalimu, tutapata video za giza zenye sauti ya feni.

Hapa Kakamega tuna sababu ya pekee ya kuelewa haya. Masinde Muliro, ile MMUST unayopita ukielekea Webuye, haikuanza kama chuo kikuu. Ilianza 1972 kama WECO, chuo cha harambee. Watu wa Western walichanga. Miaka hiyo harambee ilikuwa shilingi za watu wa kawaida, wengine walileta kuku, wengine mahindi. Ikawa chuo kishiriki cha Moi mwaka wa 2002, kisha chuo kikuu kamili 2007. Kwa hivyo wafadhili wa kwanza wa elimu ya juu hapa mjini walikuwa kina kukhu na kuka wetu. Na mtu aliyetoa kuku wake hakuhitaji ripoti ya kurasa 40 kujua kama chuo kinaendelea. Alipita barabarani akaangalia. Akiona paa halijaezekwa, aliuliza kwa baraza mbele ya watu.

Hilo swali la barazani ndilo tumepoteza. Ruzuku za leo zinajibu kwa aliyetoa. Ripoti inaandikwa kwa dola, inatumwa ofisi ya mbali, na ndani imejaa idadi ya vifaa vilivyonunuliwa na idadi ya watu waliohudhuria semina. Mwanafunzi ambaye jina lake limetumika kuomba hizo pesa haioni hata ukurasa mmoja.

Kwa hivyo mimi napendekeza nini? Vitu vinne, na hakuna kinachohitaji maputo.

Kwanza, kila ruzuku ya teknolojia ya darasani itenge sehemu ya pesa kwa matumizi ya miaka mitatu baada ya kununua: bando za wanafunzi, taa za projekta, leseni za programu, mshahara wa fundi. Kama pesa hazitoshi, nunua vifaa vichache. Bora projekta kumi zinazowaka kuliko hamsini ambazo zimekuwa meza za kuwekea vikombe.

Pili, ruzuku ndogo ziende moja kwa moja kwa lec na darasa lake. Lec wa hesabati anajua wanafunzi wake hukwama wapi. Mpe shilingi laki mbili, mwaka mmoja, aje atuonyeshe alichojaribu, hata kama kilifeli. Ubunifu mwingi wa kweli hapa kwetu umeanza na kitu kidogo ambacho watu wanacho tayari mkononi. Eneza Education walifundisha watoto wa shule kwa SMS, kwa kabambe, na wakafikia watu wengi. Hakuna aliyesema SMS ni ya kisasa. Ilifika, basi.

Tatu, mambo yafanye kazi bila mtandao kwanza. Moodle, ambayo vyuo vingi vinatumia, ina programu ya simu inayokuruhusu kupakua masomo ukiwa kwa Wi-Fi na kusoma ukiwa nyumbani. Kuna Kolibri, imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti na imetumika hata huko Kakuma. Hizi programu ni za bure. Kinachokosekana ni mtu wa kulipwa kupanga masomo yakae vizuri humo ndani. Tulipie huyo mtu.

Nne, wanafunzi wawe kwa kamati inayoandika ombi. Si rais wa wanafunzi pekee akiwa na suti. Namaanisha komredi wa mwaka wa kwanza anayeishi Sichirai kwa chumba cha mabati, na dada mwenye mtoto anayesoma usiku, na yule kijana asiyeona ambaye ubao wa kidijitali haumsaidii chochote kama hakuna programu ya kumsomea. Wakae mezani kabla bajeti haijapigwa muhuri.

Najua pingamizi la kwanza: "Mkipewa bando mtaenda TikTok." Labda. Na ofisi zikipewa mafuta ya gari zinaenda nayo mazishini Jumamosi, lakini hatujawahi kuacha kununua mafuta. Tena kuna njia. Kampuni za simu zinaweza kufungua tovuti za vyuo bila kutoza data, chuo kikalipia kwa jumla. Hilo linajadiliwa kwa simu na kalamu, si kwa setilaiti.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: "Wafadhili hawapendi kulipia matumizi ya kila siku, wanapenda kitu kinachoonekana." Ni kweli, na hapo lazima vyuo vijifunze kusema hapana. Najua ni ngumu ukiwa na deni. Lakini kila mara chuo kinapokubali masanduku bila fundi, kinakubali kazi mpya bila mshahara, na kazi hiyo inaangukia lec na mwanafunzi. Tuna hata Open University of Kenya sasa, ilipewa hati yake Agosti 3, 2023, makao yake Konza, chuo cha umma cha kusomea mtandaoni. Nchi imeshaamua mtandao ni njia ya kupata digrii. Basi gharama ya kufika mtandaoni haiwezi kuendelea kuwa shida ya binafsi ya mama mboga anayelea komredi.

Mimi sijui kama nitarudi campo. Karo bado ni karo. Lakini niko na wadogo wangu wawili wanakuja nyuma, na mmoja anataka uhandisi. Sitaki aje kuhesabu MB za somo kama vile tunahesabu vikombe vya unga mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo picha ya utepe mwekundu ikitokea tena kwa simu yako, iwe ni chuo, ni poli kama Sigalagala, ni mahali popote, usipige tu like upite. Uliza hapo chini, kwa heshima lakini uulize: Nani atalipia bando? Nani atatengeneza mwaka wa tatu? Mwanafunzi gani aliulizwa? Wakijibu yote matatu, mimi mwenyewe nitakuja kuwapigia isikuti bure. Wakinyamaza, piga screenshot unitumie. Tutarudi na kamera baada ya miaka mitatu kuangalia hicho chumba.